Lori la visima vya mafuta: uliza kwanza, kisima kipi?

Mpwa wangu anaishi Mbagala na anaendesha lori la dizeli, Kurasini hadi Tunduma na kurudi. Wiki mbili zilizopita, saa tano za usiku, simu yangu ililia. "Shikamoo mjomba. Niangalizie hili." Chini ya salamu kulikuwa na tangazo ambalo bila shaka lilikwishapita makundi mengi ya WhatsApp kabla ya kumfikia: picha ya lori jekundu jangwani, mnara wa chuma nyuma yake, na maneno kwamba madereva wanahitajika haraka kwenye visima vya mafuta. Leseni daraja E inatosha. Chakula na malazi bure. Mshahara kwa dola. Mwisho kabisa, namba ya simu na ada ya kufungulia faili.

Nilipompigia, alikuwa na swali moja tu. "Mjomba, si kazi hii hii ninayoifanya, ila wenzetu wanalipwa vizuri?"

Si kazi hii hii, na kutoijua tofauti yake kunawagharimu vijana wengi. Niliwahi kuwa karani wa lango kwenye depo moja upande wa Kigamboni, kazi yangu kukagua karatasi na lakiri za malori kabla hayajatoka. Tangu habari za bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga zishike kasi, nimesikia swali la mpwa wangu kwa sura nyingi: kwenye foleni ya kupakia, kwa mama ntilie, hata msibani. Watu husema "kazi ya mafuta" kana kwamba ni kitu kimoja. Fundo hili linafumbulika, lakini lazima tuanze na maneno yenyewe.

Mto mmoja, sehemu tatu

Kazi ya mafuta na gesi imegawanywa katika mkondo wa juu, mkondo wa kati na mkondo wa chini. Lugha hiyo imetoka mtoni, na mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuielewa kwa maji anayooga. Maji ya bomba la Kimara yalianzia milima ya Uluguru, yakateremka na mto Ruvu, yakasafishwa Ruvu Juu, kisha yakasukumwa kwenye mabomba makubwa hadi mjini, ndipo yakaingia kwenye ndoo yako. Anayefanya kazi kwenye chanzo kule milimani na anayesoma mita yako ya maji wote wako kwenye "kazi ya maji", lakini huwezi kumtuma mmoja akafanye kazi ya mwenzake.

Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Mkondo wa juu ni kutafuta, kuchoronga na kutoa kitu ardhini. Mkondo wa kati ni kukisafirisha kwa wingi, kukisafisha na kukihifadhi. Mkondo wa chini ni kukiuza na kukifikisha kwenye kituo unachojazia pikipiki. Hapa nchini mkondo wa juu unasimamiwa na PURA, mamlaka ya serikali ya mkondo huo. Mikondo mingine miwili iko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hao hao wanaotangaza bei za mafuta kila mwezi. Mpwa wangu anafanya kazi mkondo wa chini. Tangazo lile lilikuwa linamwita mkondo wa juu, na njiani kati ya hiyo miwili karibu kila kitu hubadilika: mzigo, gari, hatari, hata maana ya neno "safari".

Neno jingine ni mafuta ghafi. Hayo ndiyo yanayotoka kisimani, na yakitoka huwa yamechanganyika na gesi, maji ya chumvi na mchanga. Ni mpunga bado una maganda. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni mchele uliokwisha kukobolewa. Dereva wa Kurasini hubeba mchele, na wengi wao hustaafu bila kuuona mpunga kwa macho yao.

Wazee wa Kigamboni watanipinga hapa, na wana sababu. Kigamboni kulikuwa na mtambo wa kusafisha mafuta, TIPER, na kwa miaka mingi meli zilikuwa zikishusha mafuta ghafi pale. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, nalo lilianza kazi mwaka 1968, na kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi kwenye mtambo wa kule. Leo TIPER ni mahali pa kuhifadhia mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na TAZAMA imebadilishwa, inapeleka dizeli. Kwa hiyo ni kweli mafuta ghafi yamepita Dar es Salaam. Ila yalikuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Hakuna tone lake lililotoka chini ya ardhi yetu.

Visima vyetu ni vya gesi

Tanzania ina visima. Songo Songo, Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974. Mnazi Bay, Mtwara, ilikuwa 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara likafika mjini. Mafuta ya kuchimbwa kibiashara bado hayajapatikana nchini.

Gesi hiyo husafiri kwa bomba kutoka kisimani hadi kwenye mitambo ya umeme. Kisima kikishaanza kutoa, hakihitaji foleni ya malori mlangoni. Malori huhitajika kabla yake, wakati wa kuchoronga: kupeleka mabomba, saruji, mitambo, dizeli ya jenereta, makontena ya kulala wafanyakazi. Kazi hiyo huja kwa msimu na kuondoka. Waliowahi kuifanya Mtwara wanajua jinsi mji unavyochangamka, na jinsi unavyonyamaza mtambo ukihamishwa.

Visima vya mafuta vilivyo karibu nasi na vinavyozungumzwa sana viko Uganda, kandokando ya Ziwa Albert, ambako mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006. Kuna maeneo mawili makubwa: Tilenga, linaloendeshwa na TotalEnergies, na Kingfisher, linaloendeshwa na CNOOC ya China. Kutoka huko ndiko linakoanzia bomba la EACOP, lile la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443 hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita mikoa minane kuanzia Kagera.

Hapa ndipo palipo na dhana potofu ninayoisikia kuliko zote: kwamba bomba likianza kazi, malori yetu yatapata mzigo wa mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Tanga. Bomba lenyewe ndilo lori. Limejengwa ili lori lisihitajike. Likifika kilele limepangwa kupitisha mapipa 246,000 kwa siku, na pipa moja la mafuta ni kama lita 159. Zidisha, kisha gawanya kwa tenka la lita 36,000, utapata zaidi ya malori elfu moja yakiondoka kila siku, bila kupumzika Jumapili wala Idi.

Tena mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Ukitaka kuelewa maana yake, kumbuka chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, jinsi yanavyoganda mpaka uiweke juani. Mafuta ya Hoima huganda hata kwenye joto letu la kawaida, ndiyo maana bomba la EACOP limevikwa blanketi la kuzuia joto lisitoke, na lina mfumo wa kulipasha ili mafuta yabaki kwenye nyuzi joto 50 au zaidi njia nzima. Mzigo wa namna hiyo kwenye tenka la kawaida ungefika Tanga ukiwa mgumu kama sabuni.

Sherehe ya malori ilikuwa kwenye ujenzi. Vipande vya bomba, kila kimoja mita 18, vilishushwa bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa kwa njia ya barabara hadi kiwanda cha kuvikia mabomba blanketi hilo kilichoko Sojo, Nzega. Kilomita 1,443 ukizigawa kwa mita 18 unapata vipande zaidi ya 80,000. Huo ndio mkate ambao madereva wa Dar es Salaam wameula kweli kutoka kwenye mafuta ya Uganda, na ulikuwa mkate wa chuma.

Lori la visimani hubeba nini basi?

Ile picha ya lori jekundu jangwani, kwa mandhari yake, naamini ilipigwa Marekani, huenda kwenye bonde la Permian, magharibi mwa Texas na kusini mashariki mwa New Mexico. Hilo ndilo eneo linalotoa mafuta mengi kuliko mengine yote Marekani. Na huko dereva wa visimani, mara nyingi, habebi mafuta. Hubeba maji na mchanga.

Sababu yake ni jinsi wanavyochimba. Mafuta ya kule yamenaswa ndani ya mwamba mgumu usio na nafasi. Huchoronga kwenda chini, kisha huupindisha mchorongo ukaenda kwa ulalo, halafu husukuma maji yenye mchanga kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unapasuka nyufa nyembamba. Maji yakirudi, punje za mchanga hubaki kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge, kama kijiti unachokiweka mlangoni upepo usiufunge. Mafuta hupita humo.

Kisima kimoja cha aina hiyo hula maelfu ya tani za mchanga. Sheria ya Marekani inaruhusu lori na mzigo wake lisizidi takriban tani 36 kwenye barabara kuu, ilhali sisi Afrika Mashariki tunaruhusu hadi tani 56. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, mchanga unaobaki ni tani ishirini na kitu kwa safari. Kwa hiyo kisima kimoja ni mamia ya safari za mchanga, usiku na mchana, malori yote yakikimbilia uwanja mmoja wa kisima wenye vumbi.

Maji ndiyo habari kubwa zaidi. Mafuta yakianza kutoka, hutoka na maji ya chumvi yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka, chumvi yake ikiizidi ile ya bahari. Katika Permian, pipa moja la mafuta linaweza kuja na mapipa matatu au manne ya maji hayo. Hayawezi kumwagwa shambani, yangeua ardhi. Mengine huenda kwa bomba, mengine huchukuliwa na lori lenye pampu ya kufyonza hadi kwenye kisima cha kutupia. Mkazi wa Dar es Salaam analijua lori la namna hiyo vizuri: ni ndugu wa gari la kunyonya majitaka linaloingia Manzese na Buguruni, lenye tangi, pampu na mpira mnene wa kuburuta. Kama unataka kujua siku ya dereva wa visimani inavyokuwa, usimfikirie dereva wa tenka la petroli mwenye shati safi. Mfikirie yule wa majitaka: buti za mpira, glavu, mpira begani, kufunga na kufungua koki, mara nane au kumi kwa zamu.

Kisha kuna wanaohamisha mitambo. Mtambo wa kuchoronga ukimaliza kisima kimoja hubomolewa vipande, hupakiwa kwenye malori yenye winchi na lobedi, husogezwa kilomita chache au mia kadhaa, na kuunganishwa upya. Aliyewahi kuhama chumba kutoka Tandika kwenda Gongo la Mboto anajua kwamba kinachopakiwa mwisho hushushwa kwanza, na ukikosea mpangilio unalala nje. Kwenye mtambo kosa hilo hugharimu maelfu ya dola kwa saa. Madereva hawa ndio mafundi wa kweli wa visimani. Wanafanya kazi bega kwa bega na kreni, na wengi wao walianza kama watingo wa kufunga minyororo.

Wanaobeba mafuta ghafi wapo pia, kwa visima ambavyo bomba halijavifikia. Hao hawafiki na kupakia tu. Dereva hupima kina cha mafuta kwenye tangi, hupima joto lake, huchukua sampuli kuona kuna maji na mchanga kiasi gani, ndipo aandike karatasi. Karatasi hiyo ndiyo pesa ya mwenye kisima. Kazi ya karani wa lango niliyoifanya mimi, dereva wa kule huifanya mwenyewe, peke yake, saa nane za usiku.

Ni muhimu kusema kwamba Uganda haipasui miamba. Mafuta yake yamo kwenye mchanga na mawe laini yanayopitisha, na maji ya kusukumia huchukuliwa Ziwa Albert kwa bomba. Kwa hiyo hata ukisikia "kazi ya lori visimani", lori la Texas na lori la Buliisa, kule Uganda, hayana siku inayofanana.

Hewa inayoua

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakilipuuzia jambo hili.

Visima vingi hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo sana hunuka yai viza. Madereva wengi, nikiwaeleza, hujibu haraka: "Nikiinusa nitakimbia." Hilo ndilo kosa linaloua. Gesi hiyo ikifikia takriban sehemu 100 katika sehemu milioni za hewa, hupooza neva za kunusia. Harufu hutoweka, na mtu hudhani hatari imepita, kumbe ndiyo imeongezeka. Ikifika sehemu 700 hadi 1,000, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha. Tena ni nzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya mabondeni, kwenye mitaro na chini ya matangi, kama maji ya mvua yanavyolitafuta bonde la Jangwani. Ndiyo sababu huko hakuna anayeingia uwanjani bila kengele ndogo ya gesi kifuani, na bendera ya upepo hutundikwa juu ili kila mtu ajue akimbilie upande gani.

Ipo hatari nyingine isiyo na harufu ya yai. Tangi la mafuta ghafi likikaa limefungwa, mvuke mwepesi hujaa juu. Dereva anapopanda na kufungua mfuniko ili apime, mvuke huo hupanda usoni kwake na kuisukuma hewa safi pembeni. Marekani, kati ya mwaka 2010 na 2014, wachunguzi wa usalama kazini walihesabu wafanyakazi 9 waliokufa kwa namna hiyo, wakiwa kwenye kazi ya kupima au kuchukua sampuli tangini, madereva wakiwa miongoni mwao. Baadhi ya vifo vya aina hiyo mwanzoni vilidhaniwa kuwa ni moyo.

Sisi tumeshaufahamu mvuke wa mafuta kwa njia ya uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Lililipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi bado husema petroli ndiyo iliyowaka. Kinachowaka ni mvuke wake, unaotambaa chini kimyakimya mita nyingi kutoka pale ulipomwagika, ukitafuta cheche. Aliyesimama mbali na ndoo yake hakuwa mbali.

Barabara na kusubiri

Pamoja na yote hayo, kinachoua wafanyakazi wengi zaidi kwenye sekta ya kuchimba mafuta na gesi Marekani ni ajali za barabarani. Kuna barabara namba 285, kati ya Pecos, Texas, na Carlsbad, New Mexico, ambayo wenyeji waliipa jina la Barabara ya Kifo. Haina Kitonga wala Sekenke. Ni tambarare na imenyooka. Shida yake ni wingi wa malori kwenye njia iliyojengwa kwa ajili ya wafugaji, na madereva wenye usingizi.

Sheria ya kule inamruhusu dereva wa mzigo kuendesha saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Kwa kazi za visimani kuna nafuu maalumu: mapumziko ya saa 24 yanatosha kuanza hesabu mpya ya wiki, wakati wengine wanahitaji saa 34, na kwa baadhi ya magari yaliyotengenezwa mahsusi kuhudumia visima, muda wa kusubiri uwanjani hauhesabiwi kuwa ni kazi. Maana yake dereva anaweza kukaa uwanjani nusu siku akingoja zamu yake, kisha akashika usukani usiku akiwa, kwa karatasi, amepumzika. Dereva yeyote aliyelala siku nne kwenye foleni ya Tunduma anajua kwamba kusubiri si kupumzika.

Dola zenyewe

Mishahara ya visimani huwa mikubwa kuliko ya mizigo ya kawaida, hilo ni kweli, lakini wengi hulipwa kwa safari, kwa saa au kwa asilimia ya mzigo, na safari zenyewe zinaifuata bei ya pipa. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, bei ya soko la Marekani ilishuka chini ya sifuri, ikafunga siku kwenye hasi dola 37.63: mwenye mafuta alikuwa anamlipa mtu ayachukue. Kila bei inapoanguka hivyo, mitambo husimamishwa, na malori ya mchanga na maji ndiyo huegeshwa kwanza. Waliokopa kununua gari wakati wa neema hubaki na deni. Posho ya safari ya Tunduma ni ndogo, lakini haijui bei ya pipa ya jana usiku.

Leseni, na lile tangazo

Leseni yetu ya daraja E haikupi haki ya kuendesha lori la biashara Texas. Kule unahitaji leseni ya biashara ya jimbo, kwa mtihani wa kwao, pamoja na vibali vya nyongeza vya tangi na vya mizigo hatari, na hicho cha mizigo hatari hutolewa baada ya serikali kuu kumchunguza mtu. Zaidi ya hapo, Agosti 2025 Marekani ilitangaza kusitisha kutoa visa za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Tangazo linalokuahidi Texas kwa daraja E na ada ya faili linakuuzia mlango uliofungwa.

Uganda nako usiende kwa kubahatisha. Kanuni zao za ushiriki wa wazawa zimetenga baadhi ya huduma kwa kampuni za Uganda, na usafirishaji ni mojawapo. Hata sisi tuna kanuni za namna hiyo za kuwapa Watanzania nafasi ya kwanza kwenye miradi iliyoko kwetu, na sioni ubaya wake. Dereva wa Mbagala anayeitaka kazi hii amtafute msafirishaji wa Tanzania mwenye mkataba unaoonekana: mabomba, mitambo, kambi za utafiti wa gesi kusini. Watu hao huuliza mambo matatu kabla ya kukupa ufunguo: rekodi yako ya ajali, mafunzo ya udereva wa kujihami, na mafunzo ya mizigo hatari. NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, na vyuo vya ufundi vya VETA ni mahali pa kuanzia.

Na kwa tangazo lolote nilimwambia mpwa wangu aulize kwa maandishi: kisima kipi, kiko nchi gani, nitabeba nini, leseni ya wapi, mkataba umesainiwa na nani. Wakala wa ajira lazima awe na leseni ya serikali, na namba yake inaweza kuulizwa wizara inayohusika na kazi. Pesa hutoka kwa mwajiri kwenda kwa wakala. Ikianza kutoka mfukoni kwako kabla hujaona mkataba, simama hapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Mjomba, hiyo hewa ya yai viza, kwenye lori langu ipo?"

Nikamwambia mafuta yanaposafishwa, sehemu kubwa ya gesi hiyo huondolewa, kwa hiyo kwenye dizeli ya Kurasini hatari hiyo si ya kulinganishwa na kisimani. Mvuke lakini upo, na kwenye petroli ni mwingi zaidi. Mkaguzi akikuambia panda ufungue mfuniko, shika reli ya kuzuia kuanguka, simama upande upepo unakotokea, geuza uso, fungua, kisha subiri kidogo kabla ya kuinama kutazama. Simu iache chini, kwenye kichwa cha gari, imezimwa.

"Huwa napanda nayo mfukoni," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

Tulikaa kwenye simu hiyo hadi saa saba, nikimrudisha hatua kwa hatua kuanzia lango la depo mpaka juu ya tangi, naye akinieleza anachofanya kwa kila hatua.